Nani Kakutuma?

Mama yangu anaishi Magu, na simu yake hupita mikononi mwa watu wengi kabla haijafika sikioni mwake. Nilipompigia kumweleza mpango wetu, wa kwanza kuusikia alikuwa mjukuu, akafuata jirani, akafuata mtu aliyekuja kuazima jembe. Hatimaye nikampata mwenyewe. Shikamoo, marahaba, ng'ombe hawajambo. Nikamwambia Jumamosi nitaogelea ziwani kilomita 1.9, nikitoka majini nitapanda baiskeli kilomita 90, nikishuka kwenye baiskeli nitakimbia kilomita 21 na ushee, vyote siku moja.

"Nani kakutuma?"

"Hakuna mtu, mama. Ni michezo tu."

"Wanakulipa shilingi ngapi?"

"Hawalipi. Tumechanga wenyewe."

Nikamsikia akiwageukia waliokuwa pale: "Anasema wamechanga." Yule wa jembe akasema neno ambalo sikulinasa, wakacheka wote. Mama akarudi kwenye simu akaniahidi vitu viwili, sala na michembe.

Chanzo cha yote haya ni mwalimu wa hesabu ninayecheza naye drafti jioni. Alikwenda Rubavu, Rwanda, kumtembelea shemeji yake, akayakuta mashindano ambayo yamekuwa yakifanyika huko kandoni mwa Ziwa Kivu tangu mwaka 2022. Yanaitwa Ironman 70.3, na hiyo 70.3 ni jumla ya maili za siku nzima, yaani kilomita 113. Mwalimu wa hesabu hawezi kuiona namba ya aina hiyo akailaza nje. Alirudi nayo. Kila tukipanga kete anasema Wanyarwanda wana Kivu, sisi tuna ziwa kubwa kuliko yote Afrika, tunashindwaje? Kwamba Kivu haina mamba hakulitaja, na sisi wacheza drafti hatukuuliza.

Tukajikuta watano: mwalimu, nesi, seremala, kijana wa benki mwenye kila kifaa kinachouzwa duniani, na mimi, karani wa kiwanda cha minofu ya samaki, ambaye kazi yangu ni kukaa kwenye kiti na kuandika uzito wa sangara. Hatukuwa na chama, jezi wala mfadhili. Mtu pekee aliyelipwa siku ile alikuwa mvuvi wa Luchelele tuliyemkodi atufuate na mtumbwi wake. Aliyasikiliza maelezo ya mwalimu mpaka mwisho: tutaogelea hadi kwenye lile dumu la njano lililofungiwa jiwe, tutalizunguka, tutarudi palepale tulipoanzia.

"Sasa kama mnarudi hapahapa," akasema, "si mngekaa?"

Mwalimu akamwongezea elfu tano.

Tuliingia majini alfajiri kwa sababu mbili. Ya kwanza ni upepo. Usiku nchi kavu hupoa kuliko maji, kwa hiyo kukikucha upepo bado unatoka nchi kavu kwenda ziwani na maji ya karibu na ufuko yametulia; jua likishapanda unageuka, unatoka ziwani na mawimbi yake. Ya pili ni kichocho, somo ambalo nesi alitupa usiku wa kuamkia siku hiyo, tukiwa mezani, kwa undani uliomfanya kijana wa benki auache wali wake. Konokono wenye kichocho wanakaa kwenye maji ya kina kifupi yenye majani. Vijidudu wanavyovitoa hutoka zaidi jua linapokuwa kali, vinatafuta ngozi ya mtu, vinapenya bila hodi. Tuingie mapema, tupite haraka kwenye majani, tukitoka tujifute kwa nguvu. Tukamwomba basi atupe dawa kabisa, tulale nayo tumboni. Akasema praziquantel humezwa wiki kadhaa baadaye, maana inaua minyoo iliyokomaa na wachanga inawaacha.

"Kwa hiyo tuwangojee wakue?" akauliza seremala.

"Eeh. Wakue kwanza."

Hakuna aliyelala vizuri.

Kupita haraka kwenye majani ni agizo jema kwa mtu ambaye majani yamemruhusu. Mimi gugumaji lilinishika kabla maji hayajanifika kiunoni. Nilipiga mikono, nikapiga miguu, nikasonga mbele kiasi cha hatua mbili nikiwa na shada la maua ya zambarau shingoni, huku nikiwaza konokono wanavyoamshana. Nilipochomoka, wenzangu walishakuwa vichwa vidogo mbele yangu, na mwenye mtumbwi alikuwa ananingoja akipiga miayo.

Ubaya wa kuogelea mbali ni kwamba huna wa kuzungumza naye. Masikio yameziba, macho yanaona kijani kibichi tu, na mawazo yanabaki bila msimamizi. La kwanza kunijia lilikuwa kumtafuta wa kulaumu, na mwalimu wa drafti nilimwona mdogo mno kwa lawama niliyokuwa nayo. Nikapanda juu zaidi mpaka Hawaii. Huko, mwaka 1977, kwenye hafla ya kutoa zawadi za mbio, watu walibishana nani mwenye mwili imara zaidi, mwogeleaji au mkimbiaji. Ofisa mmoja wa jeshi la majini la Marekani, John Collins, akasema na waendesha baiskeli wahesabiwe, halafu akapendekeza ubishi umalizwe kwa kufanya vyote mfululizo: kuogelea kilomita 3.8, baiskeli 180, na marathoni nzima juu yake. Tarehe 18 Februari 1978 watu 15 wakaanza, 12 wakamaliza, na wa kwanza wao, Gordon Haller, alitumia saa 11 na dakika 46. Yetu sisi ilikuwa nusu ya ile.

Sasa mimi najiuliza: watu wamekula, wamepewa zawadi zao, ubishi umekuwa mrefu. Kwa nini hakuna hata mmoja aliyesema kesho ana kazi, akavaa kofia yake akaondoka? Sisi ubishi wa Simba na Yanga tunao tangu babu zangu wakiwa vijana na hakuna aliyependekeza tuumalize kwa kuogelea. Nilikuwa katikati ya hoja hiyo nikanywa maji, nikakohoa, nikapoteza mwelekeo.

Mwalimu alikuwa ametufundisha dawa ya kupoteza mwelekeo. Kila baada ya mikono kumi unainua kichwa, unatazama jiwe ulilochagua ufukoni, unalilenga. Ushauri huu lazima uliandikwa na mtu wa mji wenye jiwe moja. Niliinua kichwa nikatazama ufuko wa Mwanza, na Mwanza ikanitazama kwa mawe yake yote. "Lenga lile lenye jiwe dogo juu yake," alikuwa amesema. Yote yana jiwe dogo juu yake. Nikatafuta alama ya pekee, nikaipata: jiwe moja lilikuwa na ndege mweusi juu yake, mnandi, ametandaza mabawa anajikausha. Nikamlenga mnandi. Mikono kumi, kichwa juu, mnandi yupo. Mikono kumi, yupo. Nikaanza kujisikia mtaalamu. Nadhani nilikuwa nimeshapiga mikono mingi kumi kumi nilipogundua kwamba mnandi amehamia jiwe jingine, na kwamba mimi, kwa uaminifu wote, nimehama naye.

Mwenye mtumbwi alikuwa ameniona muda wote. Nilipomuuliza kwa nini hakuniita, alisema alidhani nimeahirisha.

Katika safari hiyo ya ziada nilikutana na wavuvi wa dagaa waliokuwa wanarudi kutoka ziwani, taa zao za usiku zimezimwa, nyavu zimelundikwa, macho mekundu kwa usingizi. Wakapunguza mwendo.

"Mzee, unazama au umedondosha kitu?"

Mdomo ulikuwa na maji, nikapunga mkono. Ziwani mkono wa kupunga una maana moja tu. Wakanirushia kamba. Nikatikisa kichwa kwamba sihitaji, nikaendelea kupiga mikono kwa utulivu ambao sikuwa nao.

"Amekataa kamba!" mmoja akawaambia wenzake, na nilisikia kabisa katika sauti yake kwamba anajiandaa kutoa ushahidi. Walinisindikiza kwa muda, wakijadiliana, mpaka dagaa wao wakaanza kuhitaji jua.

Mwaka 1858, tarehe 3 Agosti, Mwingereza John Hanning Speke alifika Mwanza akaliona ziwa hili. Alikuwa ametumwa na Royal Geographical Society ya London. Aliliangalia, akalipa jina la malkia wake, akageuza njia. Sijasoma popote kwamba aliogelea. Mtu aliyetumwa anajua kazi yake inaishia wapi. Mimi ambaye sikutumwa na yeyote nilikuwa bado nalitafuta dumu la njano.

Nililizunguka. Kurudi kulikuwa kufupi, kwa sababu kitu kilinigusa mguu. Sitaki kusema kilikuwa nini, maana sijui, lakini mtu anayefanya kazi kama yangu ana taarifa nyingi mno. Sangara waliletwa ziwani humu miaka ya 1950 na wakakuta meza imeandaliwa; nimeshaandika kwenye daftari sangara mmoja mzito kunizidi mimi. Nikawaza kwamba miaka yote nimekuwa nikiwapima wao, na huenda leo mmoja wao amekuja na daftari lake. Kasi niliyoipata hapo ndiyo pekee siku ile ambayo mwalimu aliisifu.

Chumba cha kubadilishia nguo kilikuwa khanga iliyoshikwa na mke wangu huku na mdogo wake kule. Watoto wa Luchelele walikuwa wamekaa mstari mzima upande ambao khanga haikufika.

Baiskeli yangu ni ya mbio, ya mtumba, ilitoka Ulaya na kiti chembamba kilichotengenezwa na mtu aliyekuwa na ugomvi na binadamu. Mwanzoni haina shida. Kutoka Luchelele hadi Nyegezi unajiona una mwili mpya, Buhongwa unapita ukiwa umeinama kwa heshima, lori likikupita unalisamehe. Mawazo ni mazuri. Nilipanga nitakavyosimulia kazini Jumatatu, nani nitamsimulia kwanza, na wapi nitanyamaza kidogo ili waulize.

Kisha njaa ikaja. Kijana wa benki alikuwa amegandisha kwenye fremu ya baiskeli yake pakiti za jeli tamu zinazofyonzwa bila kutafuna. Mimi nilikuwa na michembe ya mama. Kwa chakula cha kukaa ghalani miezi michembe haina mpinzani. Viazi vitamu vimekatwa vipande, vimekaushwa juani mpaka vinalia vikigongana. Lakini michembe inataka ichemshwe, au ikitafunwa mikavu itafunwe na mtu asiye na haraka. Ukiitia mdomoni unapanda mlima, inakusanya mate yote yaliyopo na yanayokuja, inavimba, na pua peke yake haitoshelezi kazi ya kuhema. Kuitema siwezi, ni ya mama. Nilipanda mlima mzima nikiwa na mashavu yamejaa, macho yamenitoka, na watu waliokuwa kando ya barabara waliacha walichokuwa wanafanya. Angenipa matobolwa, ambayo huchemshwa kwanza ndipo yakaanikwa, hadithi hii ingekuwa nyingine.

Ni karibu na Usagara ndipo nilipofikiwa na mzee mmoja juu ya Phoenix nyeusi. Nyuma, kwenye keria, alikaa mama mtu mzima kwa upande, na kuku mapajani. Mzee alikuwa amevaa kandambili. Akaja sambamba nami.

"Mwangaluka!"

Nikaitika. Salamu ya Kisukuma ukishaiitika haina njia ya mkato. Akataka kujua kwetu wapi. Magu. Magu ipi? Nikataja. Ukoo gani? Nikataja. Mvua huko? Ng'ombe? Mama mzazi yupo? Kila jibu nililitoa kwa vipande viwili, nikivuta hewa katikati. Yeye aliuliza yote bila hata kukohoa, akikanyaga pedali taratibu, na bado ilinibidi nijikaze ili nisimwache akizungumza peke yake mbele yangu, jambo ambalo lingekuwa utovu wa adabu.

Mama wa kwenye keria akaingilia. "Unawahi wapi, kijana wangu?"

"Ng'ambo ya Busisi, mama."

"Kuna msiba?"

"Hapana, mama. Nikifika nageuza."

"Ulisahau kitu?"

"Hapana."

"Sasa nani kakutuma?"

Habari za Hawaii zingetaka pumzi ambayo sikuwa nayo. "Naenda kuliona daraja," nikasema.

"Ahaa!" wakasema wote wawili kwa furaha, na nikaona mzigo umewatoka. Hata wao walikwenda kuliona. Mzee akanielekeza mahali pazuri pa kusimama, akanitakia safari njema, kisha akaongeza mwendo kidogo tu, na Phoenix yake yenye watu wawili ikaniacha. Kuku alikuwa ameangalia nyuma. Tulitazamana mpaka walipokata kona.

Na daraja kweli ni la kuonwa. Lina kilomita 3, kutoka Kigongo hadi Busisi, nalo limepewa jina la hayati John Magufuli. Rais Samia Suluhu Hassan alilifungua tarehe 19 Juni 2025. Kabla ya hapo tulivuka kwa kivuko. Watu wanalikumbuka lile eneo kwa foleni, kwa wagonjwa waliokwama, kwa mabasi yaliyolala upande usio wake, na kila wasemacho ni kweli. Lakini mimi, nikiwa nimeshikilia usukani huku upepo wa ghuba ukinisukuma kutoka ubavuni, nilikumbuka kitu kingine: kwenye kivuko ulikuwa unakaa. Ulifika Kigongo, ukanunua mayai ya kuchemsha na kachumbari, ukakaa, na kwa nusu saa nzima hakuna mtu duniani aliyeweza kukulaumu kwa kutokwenda mbele, maana unasubiri serikali. Angeandaa mwalimu mashindano haya mwaka mmoja tu mapema, ningepumzika pale kihalali kabisa, kwenda na kurudi. Taifa limeondolewa foleni, na mimi nimeondolewa kisingizio.

Simu iliposoma kilomita 45, kwenye barabara ya Sengerema, niligeuza. Hakukuwa na bango wala mtu. Nilizunguka tu katikati ya barabara tupu, mbuzi wawili wakishuhudia.

Pancha niliipata Busisi. Chini ya mti palikuwa na fundi, karai la maji, solusheni, tairi kuukuu na vijana ambao huwa wapo popote penye fundi. Akainua baiskeli kwa kidole kimoja, akacheka. Akaitoa tyubu, akaiona ilivyo nyembamba, akamwonyesha kila mtu. Mdomo wa tyubu wa kupulizia haukuingia kwenye pampu yake, basi akakata kipande cha mpira, akakisokota, akakijaribu, kikakubali. Hizo dakika nilizokaa kwenye gogo lake zilikuwa tamu kuliko harusi yangu, na nilimwomba asiharakishe.

"Hii haina keria," akasema akizungusha gurudumu. "Mzigo unaweka wapi?"

"Haibebi mzigo."

"Sasa ni ya nini?"

Kabla sijajibu, kijana mmoja akasema, "Mzigo si huyo hapo kwenye gogo?"

Fundi akakubali hoja hiyo, akanidai elfu moja.

Kilomita za kurudi nazipita haraka. Kuna sehemu ya mwili ambayo heshima hainiruhusu kuitaja gazetini, na kuanzia Usagara hadi Nyegezi ndiyo pekee iliyokuwa inafikiri.

Nyegezi nilishuka, mke wangu akaipokea baiskeli, nikaanza kukimbia. Nasema kukimbia kwa sababu ndivyo ilivyoandikwa kwenye daftari la mwalimu. Miguu iliyokwisha kuzunguka saa nyingi haijui tena kwenda mbele na nyuma. Kila mguu ulitaka kupiga duara lake. Jua lilikuwa limesimama katikati. Mji huu uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, lakini saa saba mchana hilo halimpunguzii mtu joto, linampunguzia hewa.

Butimba kuna chuo cha ualimu na kuna gereza. Nilipita pale nikawaonea wivu wa pande zote mbili, maana wote walikuwa wamekaa.

Watoto wakatokea. "Simbu! Simbu! Simbu!" Hili lilinipa nguvu kwa mita kadhaa. Septemba 15, 2025, Alphonce Simbu, askari wetu wa JWTZ kutoka Singida, alishinda marathoni ya ubingwa wa dunia kule Tokyo kwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48, dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano hayo, na Mjerumani Amanal Petros aliyekuwa wa pili alizidiwa sehemu 3 tu za mia za sekunde. Nikawaza: wanaume wamekimbia kilomita 42, tofauti yao ni kifua. Nikatoa kifua. Mtoto mmoja wa miaka kama sita alikuwa anakimbia kando yangu, kandambili mkononi, akanipita, akageuka, akanisubiri, akanipita tena. Mwishowe akachoka kusubiri akarudi kwao.

Nikataka kujua nimebakiza kiasi gani. Ni hesabu ambayo karani wa kiwanda anaifanya usingizini: 21 toa 9. Nikapata 14. Nikaona si sawa, nikaanza upya, nikapata Buzuruga. Hapo nikaamua kutohesabu tena.

Daladala ilipunguza mwendo, konda akining'inia mlangoni. "Mzee, Mjini hiyo! Siti ya dirishani ipo!" Nikatikisa kichwa. "Basi ya bure!" Abiria wote upande wa kushoto walikuwa wamegeuka kunitazama, na mama mmoja alikuwa ameshasogea kunipisha. Katika maisha yangu yote Mwanza hakuna daladala iliyowahi kunibembeleza namna ile. Siku nyingine nikiikimbilia, inaondoka.

Mkuyuni ndipo alipokuja John Stephen Akhwari. Hakuja mwenyewe, namaanisha katika mawazo. Mexico, 1968, marathoni ya Olimpiki: alianguka, goti likaumia, likafungwa bandeji, akaendelea kuchechemea mpaka akaingia uwanjani wa mwisho, giza limeshaingia na watu wengi wamekwenda zao. Walipomuuliza kwa nini hakuacha, aliwajibu kwamba nchi yake ilimtuma kumaliza. Kila Mtanzania amefundishwa habari hii, na mtu akichoka ndiyo humtia moyo. Mimi iliniharibia. Kwa sababu Akhwari alitumwa! Alikuwa na mtu wa kumrudishia majibu. Nikaanza kupitia orodha ya wanaoweza kuwa wamenituma mimi: nchi, hapana; mkoa, hapana; kata; mtaa; mwenyekiti wa mtaa nilikutana naye Alhamisi akaniuliza habari ya mchango wa taka. Mke wangu alisema ni mimi na mwili wangu. Hata mwalimu, ukimbana, atasema alikaribisha tu.

Mama lishe mmoja aliniona nikisema haya, kwa sauti naona, akatoka na kikombe cha maji. Nikanywa. Akatoa benchi.

"Kaa kwanza, baba. Ukishapumzika ndiyo uendelee kukimbia."

Nimeisoma miongozo mingi aliyonitumia mwalimu kwenye simu na hakuna iliyokuwa na akili ya namna ile. Nikakaa. Akaniletea chai ya rangi yenye sukari ya kutosha watu watatu, na sato alikuwa anakaangwa karibu sana na uso wangu. John Dunbar, yule aliyeshika nafasi ya pili Hawaii mwaka 1978, wasaidizi wake waliishiwa maji wakampa bia, akafika akiwa anayumba. Nikafikiri, kama bia iliruhusiwa, sheria inasemaje juu ya ugali? Nilikuwa tayari kuulizia bei. Nilipoingiza mkono mfukoni nikakuta michembe tu, na mama lishe akasema chai haina deni, nenda tu baba, nenda nyumbani.

Kuanzia hapo sikuwa peke yangu tena. Bodaboda mmoja, kijana mwenye kizibao cha kung'aa, alikuja nyuma yangu akiwa kwenye gia ya kwanza. Sikumwambia kitu, hakuniambia kitu. Igogo, ambako nyumba zimepanda mlima zikijibanza kati ya mawe, watu walitoka vibarazani kututazama, na kwa kweli tulipendeza. Ukiangalia marathoni za Boston au Tokyo kwenye televisheni utaona pikipiki inatangulia mbele ya mkimbiaji. Yangu ilikuwa nyuma, lakini ilikuwepo. Nikitembea, anaburuza miguu chini. Nikikimbia, anaongeza mafuta. Mara mbili nilimpungia mkono kumshukuru, naye akanipungia. Nilianza kuona kwamba ubinadamu haujaisha katika mji huu.

Tulikatiza mjini, watu wakipisha kwa sababu ya honi yake, tukashika barabara ya ziwani. Mwisho wetu ulikuwa karibu na Jiwe la Bismarck, ambalo limekaa juu ya mawe mengine tangu kabla Wajerumani hawajaja na chansela wao wa kulipa jina, na lina mkao ambao kwa wakati ule niliutamani sana. Mwalimu alikuwa amechora mstari wa chaki barabarani, ukafutwa na magari, akachora tena. Yeye mwenyewe alishamaliza, ameshavaa shati. Nesi ndiye aliyekuwa wa kwanza, tena zamani. Nilipouliza yuko wapi niweze kumpongeza, wakasema ameshakwenda kazini, ana zamu ya jioni. Seremala alikuwa amelala chini ya mwembe. Kijana wa benki bado alikuwa njiani, na ripoti ya mwisho ilimweka kwa yule mama lishe wa Mkuyuni, sahani ya pili.

Nikavuka chaki. Mwalimu akaandika saa na dakika, akazipigia mstari kwa rula.

Bodaboda akazima pikipiki, akaja.

"Pole, mzee."

"Ahsante sana, mdogo wangu. Umenisindikiza vizuri."

"Kusindikiza?" Akamtazama mwalimu, akanitazama mimi. "Mzee, nimekufuata tangu Mkuyuni nikijua huyu lazima atapanda. Abiria watano nimewaacha. Watano! Nikasema huyu hafiki Igogo. Igogo ukapita. Nikasema basi mjini."

Akadai nauli ya tangu Mkuyuni. Nikamwambia nauli ni ya aliyepanda. Akasema na mafuta je, yeye aliyachoma kwa ajili ya nani? Mwalimu akataka kukokotoa, tukamkataza. Mwishowe tukaelewana: nitalipa nusu ya ile ya kuja, na nzima ya kunipeleka nyumbani Nyakato.

Kupanda kulichukua muda. Mguu wa kulia haukutaka kuvuka kiti; seremala akaamka, akaushika kifundoni, akaupitisha yeye. Nilipokaa, kile kiti cha Ulaya kilinirudia chote mwilini, nikapiga kelele kidogo.

"Twende polepole tu, mdogo wangu," nikasema. "Polepole sana."

Akageuza kichwa kunitazama. "Polepole kuliko tulivyokuja?"